Pini Ndogo ya Pampu ya Tope

(Maneno ya hotuba kwa mafundi wa pampu na wasaidizi wao)

Kusini ya Ziwa la Naivasha, katika vilima vya Olkaria, mvuke hutoka ardhini. Kati ya mwaka wa 1956 na 1958 vilichimbwa huko visima viwili vya kwanza vya kujaribia, na katika mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme, megawati 15. Tangu hapo visima vimeongezeka sana, na vingine hushuka kiasi cha mita 3,000. Mgeni afikapo penye kazi ya kuchimba hutazama juu, kwenye mnara wa chuma. Fundi mzoefu hutazama chini kwanza, kando ya mnara, iliko pampu ya tope. Kwa maana mnara hauwezi kazi bila pampu hiyo, na pampu hiyo yaweza kuua mtu hata ikiwa imesimama kimya.

Tope lenyewe si tope la barabarani. Ni maji yaliyochanganywa na udongo laini uitwao bentonaiti. Pampu hulisukuma ndani ya mabomba mpaka chini kabisa, likatokea katika matundu ya keekee, kisha likapanda tena nje ya mabomba likichukua vipande vya mawe yaliyosagwa. Hupoza keekee, na huzuia kuta za kisima zisibomoke. Kisima kikifika katika mawe yenye mvuke, desturi ya Olkaria ni kuliacha tope na kutumia maji, au maji pamoja na hewa na povu, ili udongo usizibe nyufa zipitishazo mvuke. Lakini pampu ya kusukuma maji hayo ni ile ile, na hatari yake ni ile ile.

Ukubwa wa hatari hiyo hujulikana kwa hesabu nyepesi. Pampu zitumiwazo sana siku hizi zina silinda tatu, na kila silinda ina vali mbili, moja ya kuvuta na moja ya kutoa. Ndani ya silinda huvikwa bomba gumu la chuma liitwalo slivu, na humo ndimo pistoni hupita. Ikiwa slivu ina upana wa inchi 6 na pistoni huenda inchi 12, pampu husukuma zaidi ya lita 16 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 100 katika dakika moja, ni zaidi ya lita 1,600. Geji ikionyesha ratli 3,000 kwa kila inchi ya mraba, pistoni moja peke yake huchukua mzigo wa ratli zaidi ya 84,000, yaani karibu tani 38. Lori lenye mzigo wa namna hiyo likija, kila mtu huiacha njia. Katika pampu mzigo hauonekani, na kwa hiyo watu huusahau.

Tena tope halibanwi kama hewa ibanwavyo. Njia ikizibwa mbele, pistoni haziulizi. Huendelea kusukuma, na nguvu hupanda kabla mtu hajaifikia swichi. Ndiyo sababu pampu imepewa vali ya usalama. Katika vali za aina moja itumiwayo sana, kuna pini nyembamba ipitishwayo katika tundu lililoandikwa kiasi cha nguvu. Nguvu ikipita kiasi hicho, pini hukatika, vali hufunguka, na tope hurudi katika tangi. Pini hiyo imefanywa ikatike. Chuma chake na unene wake vimepimwa na watengenezaji, ili ikatike ipasapo, si kabla wala si baada.

Na uchukuliwe mfano wa zamu ya usiku. Saa nane pampu yaanza kusukuma baada ya kusimama kidogo. Mara pini yakatika, tope larudi tangini, na kazi yasimama. Kila mtu ana wasiwasi, maana tope likikaa bila kwenda, mabomba yaweza kukwama kisimani. Msaidizi, kijana mwenye bidii, aja mbio na msumari mkononi.

"Mzee, pini imekatika. Huu msumari una unene ule ule. Niutie, kazi isilale?"

Fundi hampokei. "Pini imekatika kwa sababu gani, kijana?"

"Sijui, Mzee. Labda imechoka."

"Basi usitie kitu mahali usipojua. Twende tuifuate njia ya tope kwanza."

Waifuata njia kwa taa, vali baada ya vali, na mwisho waona moja iliyofungwa na watu wa zamu iliyotangulia, isifunguliwe tena. Pini haikuchoka, ilitimiza kazi yake. Lau ungalitiwa msumari, hapana mtu awezaye kusema ungalikatika kwa nguvu gani. Huenda ungalivumilia, likapasuka bomba au mpira mkubwa badala yake, na mbele ya mpira ule wamesimama watu. Makosa hayo hufanywa kwa msumari, kwa kipande cha waya wa kuchomelea, hata kwa pini mbili zilizotiwa pamoja. Afanyaye hivyo hakuitengeneza vali, ameiondoa.

Kwa hiyo pini za akiba, za aina iliyoagizwa na watengenezaji, hapana budi ziwekwe karibu na pampu, katika kisanduku kinachojulikana na wote. Mtu mwenye pini halisi mkononi hatafuti msumari. Kifuniko cha vali ya usalama na kifungwe wakati wote pampu iendapo, kwa kuwa pini ikikatika chuma cha ndani huruka kwa ghafula na chaweza kukata vidole. Kati ya pampu na vali hiyo isiwekwe vali nyingine ya kufungia, wala katika bomba lirudishalo tope tangini. Bomba hilo lishuke kwa mteremko, lisije likakaa tope likakauka. Tena lifungwe imara, maana tope likipita humo kwa nguvu hulitupa kama nyoka.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa mara nyingi. Slivu zikibadilishwa, pini nayo hubadilishwa mahali. Slivu nyembamba hutoa tope kidogo kwa nguvu nyingi. Slivu pana hutoa tope jingi, lakini nguvu iruhusiwayo ni ndogo. Pampu iwezayo kuvumilia ratli 3,000 kwa slivu ya inchi 6 huweza kufika karibu 4,300 kwa slivu ya inchi 5, na fimbo ya pistoni ikabeba mzigo ule ule. Fundi akirudisha slivu ya inchi 6, pini akaiacha mahali pa 4,300, fimbo yaweza kubebeshwa karibu mara moja na nusu ya mzigo wake kabla vali haijafunguka. Hapo geji haitasema kuna kosa, wala pini haitasema. Kitakachosema ni chuma kuvunjika.

Kabla ya kuiwasha pampu, fundi na aitembelee njia yote, kutoka tangi la kuvuta mpaka bomba lipandalo mnarani, ahakikishe kwamba vali zipasazo kuwa wazi zi wazi. Atazame mafuta ya gia. Yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia. Atazame maji yapozayo slivu kama yanatiririka, na vikinga vya mikanda kama vimefungwa mahali pake. Ampashe habari msimamizi wa zamu, angoje jibu, aone kwamba hapana mtu karibu na mabomba ya nguvu. Kisha aanze polepole. Tope lililolala saa nyingi huganda kama uji uliopoa, na huhitaji nguvu zaidi kulianzisha. Aanzaye kwa kasi huvunja pini, au huvunja zaidi ya pini.

Pampu iendapo, fundi huisikiliza kama mchungaji asikilizavyo ng'ombe wake. Mlio wa kugonga waweza kuwa hewa iliyoingia, au njia ya kuvuta iliyozibwa, au vali iliyolika. Tope huwa na mchanga, na mchanga ukipita kwa nguvu nyingi katika ufa mwembamba huchonga chuma. Kivujio cha asubuhi chaweza kuharibu kiti cha vali kabla ya jua kutua, kisha mwili wa pampu yenyewe, ambao bei yake hailingani kabisa na bei ya vali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika kazi hii ukuta ni wa chuma. Vali mpya ikitiwa, kiti chake nacho kitazamwe. Na kiti kipya kiwekwe mahali palipofutwa pakawa safi na pakavu, bila grisi.

Saa ya hatari kubwa kuliko zote ni saa ya kufungua pampu ili itengenezwe. Swichi kuu izimwe na kutiwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule atakayetia mikono yake ndani, kwa kuwa pampu huweza kuwashwa na mtu aliye mnarani asiyemwona mwenziwe. Lakini kufuli la umeme halitoshi. Pampu mbili mara nyingi hushiriki bomba moja. Hii imesimama, ile yaenda, na nguvu ya ile yaweza kurudi katika hii. Basi vali ya kutenga na ifungwe, nayo itiwe kufuli. Kisha ifunguliwe njia ya kutolea nguvu, na fundi aone kwa macho tope likitoka mpaka likome. Geji peke yake isisadikiwe, maana tope likikauka ndani yake, huonyesha sifuri na nguvu ingalipo.

Kadhalika chupa kubwa ya kutuliza mshindo, iliyo juu ya bomba la kutolea, ina mpira ndani yake uliojazwa gesi. Gesi ipasayo ni naitrojeni. Oksijeni isitiwe kamwe, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta kwa nguvu hulipuka. Hata baada ya tope kutolewa lote, gesi ingali imebanwa ndani. Chupa isifunguliwe ila imetolewa gesi yake kwanza.

Nati wala viungo vya mabomba visikazwe kwa nyundo hali vina nguvu ndani. Viungo viwili visivyo vya aina moja visiunganishwe, hata vikionekana kushikana, maana hushikana kwa muda tu, kisha huachana kwa kishindo. Wala mtu asitafute kivujio kwa kiganja cha mkono. Mchirizi mwembamba wa mafuta au tope lenye nguvu hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huwa dogo, damu chache, na aliyeumia hucheka akarudi kazini. Kumbe uharibifu umeingia ndani. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe wazi ni kitu gani kilichompenya na kwa nguvu kiasi gani. Akingoja mpaka kesho huenda akapoteza mkono.

Wengine husema kwamba mambo haya yote huchelewesha kazi. Kuifuata njia ya tope kwa taa huchukua dakika chache. Kufunga kufuli na kungoja tope likome huchukua dakika nyingine chache. Bomba lililopasuka huchukua siku nzima, na mtu aliyepigwa na bomba hilo harudishwi kwa pesa wala kwa majuto.

Yule kijana wa zamu ya usiku, akiwa na akili, hautupi msumari wake kwa hasira. Huuweka katika sanduku la seremala, ambako una kazi yake; kisha huenda kwenye kisanduku cha pini, akahesabu zilizosalia, akamwambia fundi idadi yake kabla ya zamu kwisha. Msaidizi wa namna hiyo amekwisha kuwa nusu ya fundi.