Jembe Lisiwe Fimbo: Bustani ya Shule katika Masisi na Walikale

Mada kwa semina ya walimu wa shule za msingi na komite za wazazi



Naanza na aibu. Nilipokuwa mwanafunzi, aliyechelewa kufika shuleni alipewa jembe. Alilima mpaka wenzake watoke, na shamba lenyewe lilikuwa la mwalimu. Kuhusu udongo sikujifunza kitu. Nilijifunza kwamba kulima ni adhabu. Naona mnacheka, maana mlipita humo humo. Wazee nao wana yao: salongo ya Mobutu, kazi ya lazima ya miaka ya 1970, watu wakitolewa majumbani wapende wasipende. Leo mzazi akisikia shule inataka bustani, anakumbuka hayo. Tanzania pia, Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kufundisha. Mahali pengi ikabaki kazi, somo likapotea.

Kwa hiyo kabla ya mbegu tukubaliane mavuno ni ya nani. Mimi nasema ni ya watoto. Yahesabiwe mbele yao, na komite iyaandike katika daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kuliomba. Mwalimu asibebe hata fungu la lengalenga kabla halijaandikwa. Mishahara yetu naijua, ndiyo maana nasema.

Tukishapatana hapo, darasa liko tayari nje. Milima ya Masisi ina miteremko mikali, na kila mvua kubwa inateremsha udongo mpaka mtoni. Chukueni fito mbili zenye urefu sawa, mzifunge juu, mkatishe fito ya tatu katikati kama herufi A. Kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni chombo, mtie alama pale kamba inapogusa fito ya kati. Geuzeni miguu, wa kulia ukae palipokuwa wa kushoto, mtie alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo ndipo kamba hukaa miguu yote miwili ikiwa usawa mmoja. Sasa mtoto anatembeza chombo kukingama mlima, kamba ikae hapo katikati kila hatua, anachomeka vijiti, na mstari wa kupanda matete ya kuzuia udongo unajichora. Nusu, pembe, usawa: mambo ambayo ubaoni huyakariri bila kuyaona. Jaribuni wenyewe mchana huu, vifaa vyote viko nyuma ya jengo hili.

Somo la sayansi linatungoja mgombani. Mnyauko wa ndizi ulionekana mara ya kwanza nchini mwetu Kongo mwaka 2001, hapa hapa Masisi, huko Bwere. Watoto wameshaona mkungu unaoiva kabla ya siku zake na kuoza ndani. Sababu yake ndiyo hawaambiwi. Wadudu hubeba vimelea kutoka ua dume moja hadi jingine, basi ua hilo livunjwe mapema kwa mti wenye panda, bila kisu. Panga likikata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kukata mwingine. Anayeelewa hilo ameelewa pia kwa nini tunanawa mikono.

Mwalimu mmoja hawezi peke yake. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure Septemba 2019, madarasa yamefurika. Nusu ya watoto wakitoka kwenda bustanini, mzazi mmoja awe nao. Mwiteni mama anayejua kuchambua mbegu za maharagi, yule anayechanganya aina nyingi makusudi ili mvua ikiharibu moja, nyingine ibaki. Walikale, kwenye msitu, mwiteni mzee anayejua majina ya miti kwa Kinyanga na matumizi yake. Hao ni walimu, hata kama hawana diploma.

Kalenda inatusaidia: msimu A wa kilimo unaanza Septemba watoto wanaporudi shuleni, na msimu B unaishia karibu na mwisho wa mwaka wa masomo. Na kwa kuwa vita inaweza kutuhamisha wakati wowote, pandeni kwanza vinavyowahi. Lengalenga huliwa baada ya wiki nne hivi, mgomba hudai mwaka na zaidi.

Ardhi ndiyo inayonitisha. Sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Kijijini bado tunauliza kwa mwami, na pembeni kuna mwenye shamba la ng'ombe. Bustani ikianza kupendeza, mwenyewe hutokea. Kipande kipimwe mbele ya majirani, karatasi isainiwe na mkubwa wa kijiji, komite na direkta, na nakala ikae kwa watu wasiokaa nyumba moja.

Limebaki jambo ambalo sikulipatia jibu, nawaachia makundi ya alasiri: Julai na Agosti shule imefungwa, jua ni kali na mbuzi wamefunguliwa. Nani atalinda uzio?