Munganga asiogope mgonjwa wa akili



Tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi waliwabaka mama zetu pale Fizi. Mwezi wa pili, korti ya kijeshi ikakaa hapa Baraka, ikamhukumu Luteni-Kanali Kibibi Mutware miaka 20. Ilikuwa haki. Lakini usingizi uliopotea haurudishwi na hukumu.

Mtu wa namna hiyo akifika kwenye kituo cha afya, anapokelewa na vijana waliotoka ITM. Malaria na kolera wamejifunza mbele ya mgonjwa. Ugonjwa wa akili, wengi wameusoma kwa daftari tu. Basi wanabaki na masomo ya mtaani: «Huyu iko na mashetani, mumupeleke kwa chumba ya maombi.» Hatuwalaumu. Hata sisi tuliwacheka wagonjwa sokoni.

Bukavu iko SOSAME, hospitali ya akili inayofanya kazi tangu 1994. Ni mbali, lakini tunaomba mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wapate staji mule, tena ya kutosha. Ukimwona mgonjwa siku analetwa na kamba tu, utarudi na woga. Ukimwona hadi siku anarudi kwao, utajua anatibika. Pili, waliopona waalikwe darasani, waseme wenyewe.

Na sisi tuanze leo. Akipita barabarani, tumuite kwa jina lake. Hapana «kichaa».