Chakula cha Udongo

Sisi tukaao Mkuyuni twalima kati ya majabali, na kichanga chetu kimetokana na mawe hayo. Wasukuma hukiita luseni. Hulimika kwa wepesi, lakini maji hupita upesi na kuchukua chakula cha mimea.

Mwaka mmoja nalitia samadi mbichi bustanini. Mchicha ukaungua wote, na watoto wangu wakala ugali pasipo mboga. Haraka yangu ndiyo iliyowanyima.

Katika kisiwa cha Ukara, penye kichanga na watu wengi, wazee waliyajua haya zamani. Waliwafunga ng'ombe ndani, wakawakatia majani. Masalio yakakanyagwa pamoja na mavi hata yakaoza, ndipo yakapelekwa shambani. Tena walipanda marejea kati ya uwele, wakaufukia mmea huo udongoni.

Asiye na ng'ombe achimbe shimo kivulini, atie majani makavu na mabichi, maganda ya ndizi, majivu kidogo na maji, kisha afunike. Ayageuze kila baada ya majuma matatu. Yakiwa meusi, tena hayana moto ukiingiza mkono, ayachanganye na udongo. Basi yale majani mtakayofagia uani kesho asubuhi, msiyachome.