Kabla ya Kupanda Lori la Kurudi Masisi na Walikale

Tumeombwa tuongee juu ya safari, maana jamaa nyingi zinauliza kama wakati wa kupakia vitu na kurudi nyumbani umefika.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema mtu arudi kwao kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Mwezi wa pili mwaka 2025 wengi waliokuwa Bulengo na kambi nyingine za Goma walitoka kwa haraka, bila nafasi ya kuuliza njia ikoje wala nani analima shamba lao. Kwa hiyo tunasema: kabla ya kutafuta lori, tafuteni habari.

Redio trotwari haitoshi. Chagueni watu wawili au watatu waende kuona kwanza, na mmoja wao awe mwanamke. Yeye ataangalia maji, soko na kituo cha afya. Wanaume mara nyingi hurudi na habari za askari tu. Wapite kwa chefu wa kijiji, waulize nani yuko ndani ya nyumba na mashamba. Kama kuna jamaa nyingine inayolima pale, pengine nayo ilikimbia vita, basi ipewe muda wa kuvuna maharagi yake. Mazungumzo hayo yafanyike mapema. Lori likishafika limejaa watu na mbuzi, kila upande unajiona umevamiwa, na vijana ndio wanaoanza kujibu.

Na habari iwe mpya. Mnakumbuka Walikale: wapiganaji wa M23 waliingia pale mwezi wa tatu mwaka 2025, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Aliyesafiri kwa habari ya juma lililopita alikuta mambo mengine kabisa.

Kutoka Sake njia inapanda Mushaki, inapita Bihambwe, Katale na Lushebere hadi Masisi. Mbele ni Nyabiondo, na kuelekea Walikale ni matope. Wakati wa mvua lori linaweza kulala njiani, basi mchukue chakula cha siku za ziada na maji safi. Wanaomeza dawa za kifua kikuu au za ukimwi waombe za kutosha kabla ya kuondoka.

Kadi ya uchaguzi, karatasi za kuzaliwa, za chanjo na za shule zifungwe katika mfuko wa plastiki na zikae mwilini, si ndani ya mizigo. Mtoto mdogo ashonewe ndani ya nguo kikaratasi chenye jina la mzazi, kijiji na namba ya simu. Kabila lisiandikwe.

Dereva akubali kabla ya kulipwa franga kwamba hapakii bunduki wala watu wa jeshi. Hata koti kuukuu la mvua la kijeshi liachwe. Kwenye barieri linaweza kumponza kijana aliyelinunua sokoni. Pale barieri aongee mtu mmoja mliyemchagua, mwenye umri na maneno machache, na simu za kupiga picha zibaki mfukoni.

Lori likisimama, msiingie vichakani. Palipopiganwa hubaki mabomu ambayo hayajalipuka. Haja ndogo iwe kando ya gurudumu, wamama wazungushiane kitenge. Hakuna aibu hapo.

Mwisho, orodha ya majina iandikwe mara mbili: moja ibaki na kamati, nyingine aipokee chefu wa huko. Wasomewe wote wanaposhuka. Mtoto akikosekana tujulishwe siku ile ile, ili tupeleke habari kwa Msalaba Mwekundu wanaotafuta watoto waliopotezana na wazazi.