Pawa saplai ya mtumba ifunguliwe mbele ya wote

Hapa Uvira walitufikia wawili wakigombana: mnunuzi anadai ameuziwa pawa saplai mbovu ya kompyuta, muuzaji anaapa ilikuwa nzima. Tuliifungua mbele yao. Kwanza tulichomoa waya, tukangoja, tukapima kapasita kubwa kwa mita, maana inaweza kubaki na volti 300 hata umeme ukikatwa. Fyuzi ilikuwa nzima. Kumbe kutu ya kijani ilikuwa imekula njia moja ya shaba, jambo ambalo kwa nje halionekani! Tulisugua kwa mswaki na spiriti, tukaunga kipande cha waya kwa risasi, tukaiwasha kupitia balbu ya wati 60. Balbu ilimulika kidogo ikazimika: hakuna shoti. Gharama waligawana, ingawa muuzaji alinung'unika hadi mlangoni.