Kiti cha Mitumba: Kiungo Kwanza, Vanishi Baadaye

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Juba, mlioko kambini na mlioko mitaani, leo tunaongea juu ya viti, meza na vitanda vya mitumba.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mama yangu anauza chai. Mwaka jana alinunua viti vinne kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Vilikuwa vya mbao ya tiki, ile inayopandwa huku kwetu Ekuatoria, nzito na imara. Lakini vilikuwa vinacheza. Mimi nikapigilia misumari, nikapaka vanishi, vikang'aa kama vipya. Wiki ya pili mzee mmoja akakaa, mguu ukachomoka, chai ya moto ikamwagikia mkono wake. Mama alitumia pesa ya sukari kumpeleka zahanati. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kiti ulikipamba, hukukitengeneza."

Nikaenda kwa fundi seremala mmoja upande wa Custom. Alinionyesha kwamba msumari ulikuwa umepasua mbao palepale penye kiungo. Alichonifundisha ndicho hiki.

[Sauti ya msasa kwenye mbao, sekunde tano]

Kwanza, kagua. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga laini, kuna wadudu wanaokula mbao. Hicho usikiingize ndani. Angalia pia kunguni kwenye nyufa.

Pili, chomoa kiungo kinachocheza, taratibu, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Kwangua gundi ya zamani yote mpaka uone mbao yenyewe, kwa sababu gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi kuukuu.

Tatu, paka gundi ya mbao, urudishe kiungo. Kama kinapwaya, bandika kipande chembamba cha mbao kwanza. Huna jiriwa? Zungusha kamba kwenye miguu yote minne, ingiza kijiti katikati ya kamba, nyonga mpaka ikaze, kisha funga kijiti kisirudi. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji. Acha mpaka kesho saa kama hiyo. Mtu asikikalie!

Nne, msasa. Anza na namba 80, fuata na 120, malizia na 220. Sugua kufuata mistari ya mbao, usiikate. Na hapa, wazazi, nisikilizeni vizuri: rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo lowesha kidogo unaposugua, fanya kazi nje, funga pua na mdomo, na watoto wawe mbali. Ukimaliza, kusanya vumbi kwa kitambaa kibichi, unawe kabla ya kula.

Tano, ndipo vanishi. Paka nyembamba, iache ikauke, pitisha msasa laini, paka tena. Wakati wa mvua itachelewa kukauka, subiri. Na usipake karibu na jiko la makaa, maana mvuke wa tina unashika moto haraka.

Ukienda sokoni Konyo Konyo au kwa jirani anayehama, usinunue kwa macho. Tikisa kiti, kigeuze juu chini, kikalie. Tena angalia mbao. Ile iliyotengenezwa kwa chembe zilizogandishwa kwa gundi, ikishalowa na kuvimba, hairudi. Tiki au mahogani iliyochakaa bado ina miaka mingi ndani yake.

Vile viti vinne nilivifungua vyote, nikaanza upya. Ilinichukua siku nane. Yule mzee alirudi kunywa chai. Alikitikisa kiti kwa mkono wake kwanza, akaniangalia, halafu akakaa.

Tukutane wiki ijayo. Kaeni salama.

[Muziki unapanda. Mwisho]