Waganga na Ndege wa Ziwani

Maneno yangu nawaelekezea hasa vijana wanaosomea udaktari, watakaofika kujifunza kazi katika hospitali kama ile ya Kibara, kando ya Ghuba ya Speke. Lakini wavuvi na watoto wa shule wasiondoke, kwa kuwa katika jambo hili wao ndio walimu.

Huenda mtu akauliza, Mganga ana haja gani na ndege? Edward Jenner alikuwa mganga wa mashamba huko Uingereza. Mwaka 1788 habari zake za ndege aitwaye kekeo zilisomwa mbele ya wataalamu wa London. Kekeo hutaga katika kiota cha ndege mwingine, kama afanyavyo nduguye huku kwetu katika viota vya mnana. Jenner alikaa akatazama, akaona kwamba kinda wa kekeo, angali uchi na kipofu, hujitia chini ya wenzake, akawapakia mgongoni penye kishimo, akawaangusha nje. Wengi hawakusadiki. Basi mtu huyo huyo ndiye aliyesikiliza maneno ya wakamaji, kwamba aliyeugua ndui ya ng'ombe hashikwi na ndui yenyewe, na mwaka 1796 akamchanja mtoto. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Naye Ronald Ross, mwaka 1898 huko Calcutta, aliifuata njia ya malaria kutoka kwa mbu mpaka katika damu ya ndege. Hata pande za ziwa letu alipita mganga Mjerumani, Gustav Fischer, mwaka 1885 na 1886; kasuku mdogo wa kijani, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na duara nyeupe machoni, ameitwa kwa jina lake. (Wenyeji bila shaka walikuwa na jina lao zamani.)

Sasa twende ufukoni. Simameni pakavu, maana majini mna konokono wa kichocho. Chukueni daftari, na darubini kama ipo. Mtamwona mdiria mweusi na mweupe akisimama hewani juu ya maji, mabawa yakipigapiga, kisha akajitupa kama jiwe. Msiharakishe kuandika jina. Tazameni kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja. Andikeni kwanza mlichokiona, jina lifuate.

Nasema hivi kwa sababu ya mtoto atakayeletwa usiku, ana homa. Mwanafunzi mwenye haraka huandika malaria, akatoa dawa, akaenda kwa mwingine. Lakini kama angalifunua nguo, akahesabu pumzi kwa dakika nzima, huenda angaliona pumzi ni za mbio na kifua kinabonyea chini ya mbavu. Huo ni ugonjwa wa mapafu, na mtoto akipewa dawa ya malaria peke yake, huenda asifike asubuhi. Jicho lililozoea kuhesabu mikanda ya mdiria halioni taabu kuhesabu pumzi.

Ndege msiyemtambua, waulizeni wavuvi wanaoanika dagaa. Watawapa jina, na chakula chake, na mahali alalapo. Wakati mwema ni alfajiri, jua halijawa kali. Mkichelewa, rudini saa kumi na moja jioni, furukombe anapolia mtini.